Tumpimeje kiongozi siku ya janga?

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, Rais George W. Bush wa Marekani alikuwa ameketi mbele ya darasa la watoto wadogo katika shule moja mjini Sarasota, Florida. Msaidizi wake mkuu, Andrew Card, alimwinamia sikioni akamnong'oneza kwamba ndege ya pili imegonga jengo na nchi inashambuliwa. Bush hakuinuka. Alibaki kitini takriban dakika saba huku watoto wakisoma kwa sauti. Kamera zilikuwa zinamtazama.

Dakika hizo saba zimebishaniwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapo wanaosema aliganda. Wapo wanaosema alijizuia asiwatishe watoto, na mwenyewe ndivyo alivyoeleza baadaye. Picha ni ileile na uso ni uleule, lakini kila mtu anausoma kwa kadiri alivyompenda au alivyomchukia mwenye uso kabla ya siku hiyo. Nasi tunafanya hivyohivyo kila yanapotokea maafa. Kipande cha sekunde thelathini kinazunguka kwenye simu, na jua halijachwa tumeshagawanyika. "Hata hakuhuzunika." "Mbona anatabasamu?" "Amekuja amechelewa." "Huyu ndiye kiongozi, umeona alivyowaka?" Hukumu ni nzito, ushahidi ni mwembamba.

Nadhani tunaweza kupima vizuri zaidi ya hapo, na bila kuwa wataalamu wa siasa. Uso wa kiongozi ni ushahidi dhaifu. Vitenzi vyake ni ushahidi bora, na tarehe anazokubali kuzitaja ni bora zaidi.

Kwanza tuelewane maneno. Janga ninalolisema hapa lina mambo matatu kwa pamoja: kitu cha thamani kubwa kimo hatarini, mara nyingi uhai wa watu, muda wa kuamua ni mfupi, na habari kamili bado hazijapatikana. Deni la taifa linalokua mwaka hadi mwaka ni tatizo kubwa, lakini si janga kwa maana hii, kwa sababu muda wa kufikiri upo. Waziri aliyekutwa na mali asiyoweza kuieleza ana kashfa, si janga. Kilichomo hatarini ni cheo chake. Tofauti hii ina uzito wake. Katika kashfa tunamuuliza kiongozi kama anasema kweli kuhusu nafsi yake. Katika janga tunamuuliza jambo la haraka zaidi: je, unachosema kinanisaidia kuamua usiku huu? Nihame au nibaki? Nikatoe fedha zangu benki au niziache? Mtoto aende shule kesho au asiende?

Tenganisha pia tamko na mwitikio. Mwitikio ni kazi nzima ya serikali: amri, fedha, waokoaji, hospitali, magari. Tamko ni kile kiongozi anachokisema na kukionyesha hadharani. Sisi wananchi huona tamko, kisha tukadhani tumeona mwitikio. Nyumba inapowaka moto, jirani anayepiga mayowe barabarani huonekana na wote, kuliko yule aliyezunguka nyuma akafunga mtungi wa gesi. Mayowe nayo yana kazi, yanaamsha waliolala. Lakini mtu akiulizwa kesho yake nani aliokoa nyumba, asijibu kwa kukumbuka sauti iliyokuwa kubwa.

Na ndani ya tamko lenyewe mna kazi mbili ambazo hatuzitofautishi: kufariji na kufahamisha. Ni watu wachache wanaoziweza zote mbili kwa kiwango kimoja.

Mfano wa kufahamisha ninaoupenda ni wa Machi 1933. Mabenki ya Marekani yalikuwa yanaanguka kwa sababu watu walikimbilia kutoa fedha zao, na kadiri walivyozitoa ndivyo mabenki yalivyozidi kuanguka. Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa ameapishwa siku chache tu kabla, aliyafunga mabenki yote ya nchi. Kisha Jumapili usiku, tarehe 12 Machi, akaingia redioni. Hakuanza kwa kulaani wala kwa kuomboleza. Alianza kwa kueleza benki inafanya nini: kwamba ukiweka fedha zako, benki haizifungii kwenye sanduku, huzikopesha na kuzizungusha, kwa hiyo hakuna benki, hata iliyo nzima, inayoweza kumlipa kila mtu siku moja. Halafu akataja ratiba: mabenki yapi yatafunguliwa kesho Jumatatu, yapi Jumanne, yapi siku zitakazofuata, na kwamba benki isiyofunguliwa siku ya kwanza isidhaniwe kuwa imekufa. Asubuhi yake mabenki yalipofunguliwa, watu walipanga foleni kurudisha fedha. Katika muda wa wiki mbili zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa zimefichwa majumbani zilikuwa zimerudi.

Tazama kilichotendeka pale. Hakuna aliyeuona uso wake, ilikuwa redio. Kilichowatuliza watu ni kuelewa, kisha kuona kesho yake kwamba kilichosemwa ndicho kilichotokea.

Kufariji nako si kazi ndogo. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alikwenda kwa wafiwa akiwa amejifunika kichwa, akawakumbatia, na akakataa kabisa kulitaja jina la muuaji. Dunia nzima iliiona picha ile. Ila walioishia kwenye picha walikosa sehemu ya pili: tarehe 10 Aprili, chini ya mwezi mmoja baadaye, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku silaha nyingi za aina iliyotumika, kwa kura 119 dhidi ya 1. Mtandio peke yake ungekuwa heshima njema. Pamoja na sheria ile ulikuwa neno lililotimizwa.

Sasa nije kwenye dhana ambazo nadhani zinatupotosha.

Kubwa kuliko zote ni ile ya kwamba kiongozi mwenye huruma ni yule anayefika haraka na kulia. Watu wanaomboleza kwa namna tofauti. Mwingine akipata habari mbaya hububujikwa machozi, mwingine hukakamaa, mwingine hutoa tabasamu la woga ambalo hata yeye hajui limetoka wapi. Tunalijua hili ndani ya familia zetu, lakini tukimtazama kiongozi tunalisahau. Na kwa kuwa viongozi wanajua tunatazama machozi, wapo wanaojifunza kuyatoa.

Kuhusu haraka, kisa cha Aberfan kinanifunza zaidi ya vingine. Hiki ni kijiji cha Wales. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka kutoka mlimani likafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Waziri Mkuu Harold Wilson alifika siku ileile. Malkia Elizabeth II, ambaye hakuwa mwanasiasa lakini ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi, alifika siku ya nane, na kuchelewa huko kulimwandama maisha yake yote.

Kwa kipimo cha "nani alifika kwanza" mshindi ni Wilson. Lakini hesabu haikuishia hapo. Malundo mengine ya taka yalibaki juu ya kijiji, na wazazi waliozika watoto wao walitaka yaondolewe. Mwaka 1968 serikali hiyohiyo ya Wilson ilichukua pauni 150,000 za kusaidia kuyaondoa kutoka kwenye mfuko wa michango ambayo watu wa kawaida walikuwa wametuma kwa ajili ya wafiwa. Yaani waliofiwa walichangishwa gharama ya kuondoa kitu cha aina ileile iliyowaulia watoto. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, baada ya takriban miaka thelathini. Kila ninaposoma kwamba kiongozi fulani "alifika eneo la tukio ndani ya saa chache" nawakumbuka wazazi wa Aberfan.

Sisemi kuchelewa ni sifa. Nasema swali zuri si "amefika lini?" bali "amefika kufanya nini, na alipoondoka kilibadilika nini?" Msafara wa kiongozi una polisi, magari na barabara zilizofungwa, na vyote hivyo huchukuliwa kutoka kwa waokoaji. Kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans mwaka 2005, Bush alipigwa picha akiangalia mafuriko kupitia dirisha la ndege. Hoja yake kwamba angetua angewavuruga waokoaji ilikuwa na maana, ingawa baadaye alikubali kwamba picha ile ilikuwa kosa. Kwangu mimi kosa zito zaidi lilikuja siku mbili baadaye, alipomsifu hadharani mkuu wa shirika la dharura kwamba anafanya kazi nzuri sana, wakati maelfu ya watu walikuwa bado wamekwama. Siku kumi baada ya sifa hizo, mkuu huyo alijiuzulu.

Dhana nyingine ni kwamba kiongozi imara huongea kwa uhakika tangu saa ya kwanza. Lakini habari za saa ya kwanza karibu kila mara huwa na makosa: idadi ya waliokufa, chanzo, mhusika. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni mjini Madrid na kuua watu wapatao 190, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Serikali ya Waziri Mkuu José María Aznar ililielekezea lawama ETA, kundi lenye silaha la Wabaski waliotaka kujitenga na Hispania, ikaushikilia msimamo huo hata dalili zilipoanza kuonyesha waliohusika ni wengine, wenye itikadi za al-Qaida. Wahispania wengi waliona wamefichwa jambo, na chama tawala kikashindwa tarehe 14. Serikali kukosea mwanzoni ni jambo linaloeleweka. Kung'ang'ania ndiko kulikoiumiza. Kiongozi anayesema "hadi sasa tunajua hili, hatujui lile, na saa mbili usiku nitarudi kuwaeleza tulipofika" hupoteza kidogo kwenye picha, lakini anakupa kitu cha kumshikia: saa mbili usiku ikifika, utajua kama ni mtu wa neno lake.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha nafsi mwanzoni, kwa hiyo mtendaji hafichiki kirahisi. Ili kumficha lazima ugeuze sentensi nzima. Sikiliza taarifa za majanga kwa sikio hilo. "Makosa yalifanyika." "Maisha yamepotea." "Hatua kali zitachukuliwa." "Uchunguzi unaendelea." Kila kitenzi kimeanza na *ya-*, *zi-* au *u-*. Makosa yamejifanya, hatua zitajichukua, uchunguzi unatembea wenyewe. Hakuna *ni-*, hakuna *tu-*. Si ugonjwa wetu peke yetu. Rais Ronald Reagan alitumia maneno ya namna hiyohiyo, kwamba makosa yalifanyika, mbele ya Bunge la Marekani Januari 1987, alipoligusia suala la silaha zilizouzwa Iran kwa siri.

Linganisha sentensi mbili ambazo nimezitunga mwenyewe. Ya kwanza: "Tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kuzama kwa kivuko, na hatua kali zitachukuliwa dhidi ya wote watakaobainika kuhusika." Ya pili: "Nimemwagiza waziri wa uchukuzi asimamishe kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi kila kivuko ambacho hakijakaguliwa mwaka huu, na Ijumaa atawaeleza ni vingapi." Ya kwanza ina huzuni na ukali, lakini hata baada ya miaka kumi hutaweza kusema kama ilitimizwa. Ya pili inaweza kusemwa kwa uso mkavu kabisa, na Ijumaa jioni utajua.

Hotuba ya Julius Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, inakumbukwa hadi leo kwa ukali wake, lakini mimi nasikia sarufi yake. Uwezo wa kumpiga *tunao*, sababu *tunayo*, nia *tunayo*. Mara tatu mtendaji ametajwa, naye ni sisi. Na swali kubwa lenye hofu, "tutaweza kweli?", limegawanywa mafungu matatu ambayo mtu anaweza kuyapima moja moja.

Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kwenye kuomba radhi. Wengi wanaamini kiongozi akiomba radhi amejidhoofisha. Mwezi Aprili 1961 jaribio la uvamizi wa Kuba lililoungwa mkono na Marekani lilishindwa vibaya katika Ghuba ya Nguruwe; Rais John Kennedy, aliyekuwa na miezi mitatu tu madarakani, alikubali hadharani kwamba mwenye dhamana ni yeye. Kura za maoni zilizofuata zilimpa kukubalika kwa asilimia 83. Kansela Angela Merkel naye, Machi 2021, alitangaza pamoja na wakuu wa majimbo ya Ujerumani kufunga shughuli siku za Pasaka kwa sababu ya korona, na haikupita hata siku mbili akaifuta hatua hiyo, akisema kosa ni lake peke yake na anaomba wananchi wamsamehe. Ni *langu*, si *limetokea*. Ukisikia "kama yupo aliyekwazika, naomba radhi," ujue hilo ni jambo jingine: hapo mwenye tatizo amekuwa yule aliyekwazika. Wala radhi si dawa ya kila kitu. Rais Jimmy Carter wa Marekani alibeba lawama yote Aprili 1980, operesheni ya kuwaokoa mateka wa Kimarekani nchini Iran ilipofeli na askari wanane kufa, na Novemba ile akashindwa uchaguzi. Radhi inatuonyesha mtu anavyolitazama kosa lake. Haitupi haki ya kusahau kosa lenyewe.

Mafanikio ya Kennedy kwenye kura za maoni yananilazimu kutahadharisha jambo. Umaarufu unaopanda wakati wa janga hauthibitishi kwamba kiongozi amelishughulikia vizuri. Watu wakitishwa hujikusanya nyuma ya bendera, yeyote anayeishika. Bush huyohuyo wa dakika saba alikuwa na asilimia 51 kwenye kura za maoni za Gallup siku chache kabla ya mashambulizi, na 90 kabla mwezi haujaisha. Baba yake, naye akiwa rais, alifika 89 mwaka 1991 baada ya vita vya Ghuba ya Uajemi, na mwaka uliofuata wapiga kura wakamwondoa.

Tuwatendee haki viongozi pia. Tukishajua mwisho wa kisa, kila kitu kinaonekana kilikuwa wazi tangu mwanzo. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alilionyesha hili kwa majaribio mwaka 1975: watu wakiambiwa matokeo, hukadiria kwamba yalikuwa yanatabirika kuliko wasioambiwa, na hawatambui kwamba kuambiwa ndiko kulikobadili makadirio yao. Kwa hiyo kabla ya kusema "alipaswa kujua," jiulize alikuwa na karatasi zipi mezani siku ile. Wakati mwingine utagundua kweli hakuwa na njia ya kujua. Wakati mwingine utagundua karatasi ilikuwepo, na hilo ni baya zaidi ya uso wowote usio na machozi.

Hapo ndipo hukumu zetu zinapogharimu maisha. Watafiti Andrew Healy na Neil Malhotra walichapisha mwaka 2009 utafiti uliofuatilia kura za Wamarekani pamoja na fedha za majanga. Wapiga kura waliwazawadia marais kwa fedha za msaada zilizotoka baada ya janga, lakini si kwa fedha za kujikinga kabla yake, ingawa kila dola moja ya kujikinga ilikadiriwa kuokoa hasara ya takriban dola 15 za baadaye. Ufa na ukuta tunavijua vizuri kwenye methali, kisha tunampigia kura anayepigwa picha akijenga ukuta. Kiongozi mwenye akili ya kawaida hulijifunza somo hilo haraka.

Norway iliyapitia yote haya kwa mtu mmoja. Tarehe 22 Julai 2011 muuaji alilipua bomu kwenye majengo ya serikali mjini Oslo, akaua watu 8, kisha akavuka hadi kisiwa cha Utøya na kuwaua wengine 69, wengi wao vijana. Waziri Mkuu Jens Stoltenberg aliongea kwa namna ambayo ulimwengu unaikumbuka: kwamba jibu la nchi yake litakuwa demokrasia zaidi na uwazi zaidi. Ofisi yake mwenyewe ilikuwa imeharibiwa na bomu, na vijana waliouawa walikuwa wa chama chake. Sijui tamko la kiongozi lililobeba uchungu mwingi hivyo kwa utulivu hivyo.

Mwezi Agosti 2012 tume huru, ambayo serikali yake ndiyo iliyoiunda, ilitoa ripoti. Ilisema polisi wangeweza kumfikia muuaji mapema zaidi. Ilisema pia bomu la Oslo lingeweza kuzuiwa kama hatua za usalama zilizokwishaamuliwa zingetekelezwa. Mojawapo ilikuwa kuufunga kwa magari mtaa wa Grubbegata, unaopita kando ya majengo ya serikali. Uamuzi ulikuwa umepita miaka kadhaa nyuma, na kazi ilikuwa imezunguka kutoka idara hadi idara. Stoltenberg aliipokea ripoti na kusema dhamana ni yake. Mchana ule wa Julai, muuaji aliliegesha gari lake la bomu mbele ya jengo la ofisi ya waziri mkuu bila kukuta kizuizi, akashuka, akaondoka kwa miguu.